Kabla ya Kujaribu Kurudi Ndotoni Ukiwa na Fahamu Zako

Kwamba mtu anaweza kuota huku akijua anaota, hilo halina ubishi tena. Mwaka 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alinasa kwa mitambo miondoko ya macho ambayo mwotaji aliahidi kuifanya akiwa ndani ya ndoto. Lililo gumu ni kuifikia hali hiyo, na njia ninayoipenda ni ya kuingia tena ndotoni pale pale unapogutuka usingizini. Nafasi hiyo hudumu sekunde chache tu, kwa hiyo karibu kila kitu lazima kiwe tayari kabla hujalala.

Anza na hesabu ya usingizi. Usiku hupita kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na karibu kila mmoja una kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope. Hapo ndipo ndoto zilizo hai zaidi huwa. Mapema usiku kipindi hicho ni kifupi, kuelekea asubuhi hurefuka. Ukijiamsha mapema mno unajinyima usingizi mzito bure. Subiri hadi uwe umelala kwa muda wa saa nne na nusu hadi sita. Kama unaamka kwa kengele, iwe ya sauti ya chini inayojizima yenyewe, maana kunyoosha mkono tu kunatosha kuifukuza ndoto. Na kama kwa sasa usingizi wako ni wa shida, ahirisha zoezi hili. Usingizi wenyewe una thamani kuliko ndoto yoyote.

Kwa wiki chache kabla, andika ndoto zako kila uamkapo. Asiyekumbuka ndoto hana pa kurudi.

Sasa lile la muhimu kuliko yote: ukigutuka, usijigeuze, usifumbue macho. Shika tukio la mwisho la ndoto na ujirudishe humo kwa hisia za mwili, kama ubaridi wa ukuta ulioushika au uzito wa nyayo zako ardhini. Kugusa huweza kurudisha haraka kuliko kuona. Moyoni useme, “Nikiota tena, nitakumbuka kwamba ninaota.” Sentensi hii ichague jioni, uizoee. Ikiwa umeshajigeuza na usingizi umekwisha kabisa, amka kwa nusu saa hivi, bila simu wala taa kali, usome ndoto zako, kisha ulale ukiirudia nia hiyo. Stephen LaBerge, mtafiti wa ndoto aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ndiye aliyeipa umaarufu mbinu ya kulala na nia ya namna hii.

Jiandae pia kukabwa na jinamizi. Wakati wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili tusitende tunayoyaota. Akili ikiamka kabla misuli haijaachiwa, unajikuta huwezi kujinyanyua, pengine ukihisi kifua kinabanwa au kuna mtu chumbani. Inatisha, lakini hupita yenyewe. Pumua taratibu, jaribu kuchezesha ncha za vidole. Ila kama jinamizi hukujia mara kwa mara, au una maradhi yanayokufanya ushindwe kutofautisha yaliyo kweli na yasiyo kweli, zungumza na daktari kwanza.

Mwisho, wapo wanaoota kwamba wameamka. Jizoeze mchana kujipima: bana pua ujaribu kuvuta pumzi kupitia humo, au soma maandishi mara mbili uone kama yamebadilika. Ndotoni pumzi mara nyingi hupita, na maandishi hubadilika. Kamwe usijipime kwa kuruka kutoka juu au kwa jambo lolote litakalokuumiza iwapo kumbe uko macho. Ukiisha kugundua kwamba unaota, tulia, sugua viganja, kisha ufanye jambo moja dogo uliloliamua jioni. Furaha ya ghafla ndiyo inayowaamsha wengi.