Kasi ya kuonyesha filamu bubu fupi ya mapenzi na uhalifu

Filamu fupi za Marekani za miaka ya 1910 mara nyingi zilikuwa za rili moja, yaani gurudumu moja la filamu: takriban futi 1,000 za utepe wa upana wa milimita 35, kila futi fremu (picha moja moja) 16. Ukiiendesha kwa fremu 24 kwa sekunde, inaisha kwa dakika 11 hivi, na jambazi anayemnyemelea mchumba wa mwenzake anageuka kichekesho. Anza na fremu 16 kwa sekunde. Rili nzima itachukua karibu dakika 17. Tazama watu wanavyotembea, kisha panda hadi 18 mwendo ukiburura. Usipimie kwa mbio za kufukuzana: wapiga picha waliweza kuzungusha mkono wa kamera polepole makusudi ili mbio hizo zionekane kali zikionyeshwa. Nakala ya naitreti, utepe wa zamani unaowaka kwa urahisi, usiitie kwenye projekta kabisa. Ikiwaka, maji hayauzimi moto wake.