Moshi mpaka Kampala kwa baiskeli, kuchangia watoto: hela unakusanyaje na mazoezi unafanyaje

Watu wakiniuliza kuhusu safari ya baiskeli ya kuchangisha wanaanza na baiskeli, ninunue ipi, iwe na gia ngapi, mi nawarudisha nyuma kwanza nawauliza hela za watu zitakaa wapi. Safari yetu ya kwanza tulienda Mombasa kwa kupitia Holili na Taveta, tulikuwa wanne, na michango yote ilikuwa inaingia kwenye simu yangu, namba ile ile ninayopokelea hela ya duka na ya kikoba, alafu gesti tukawa tunalipia humo humo tukisema tutarudishia tukifika nyumbani. Tumerudi, tumekaa tumepiga hesabu, laki tatu na themanini haina maelezo. Hakuna aliyeiba, iliishia kwenye makato, chakula, tairi moja Voi, ila sikuwa na risiti hata moja ya kuonyesha. Mama mmoja aliyetoa elfu kumi akauliza kwenye grupu, kwa upole tu, "mwanangu, ile elfu kumi yangu iliwafikia watoto au mliilalia?" Ile hela niliilipa mfukoni mwangu kwa miezi miwili na lile swali mpaka leo ninalo.

Kwa hiyo hela ya safari na hela ya watoto zisikutane hata siku moja. Ya safari (chakula, kulala, nauli ya kurudi, spea) unajilipia mwenyewe, au unatafuta mtu aseme kwa mdomo wake kwamba hii nakupa wewe ya njiani. Ya watoto iingie moja kwa moja kwenye lipa namba au akaunti ya kituo chenyewe, yenye jina la kituo, ili mtu akituma aone jina hilo kwenye meseji yake na sio jina lako. Kituo wakupe barua yenye mhuri na namba ya usajili, nakala moja mpelekee mtendaji wa kata, moja itembee na wewe. Kama kituo hakitaki kukuonyesha taarifa ya michango kila wiki, tafuta kingine, nasema hivyo kwa moyo wote.

Na ujue unachangia nini hasa, maana "tunasaidia watoto" haimtoi mtu hela mfukoni. Sisi safari ya Kampala tulichangia viti mwendo vya watoto wenye ulemavu, na kabla sijamuomba mtu yeyote nilienda kuona wanavyopimwa. Fundi alikuwa na futi kamba kama ya fundi cherehani, akampima mtoto upana wa nyonga, akapima paja kutoka mgongoni mpaka nyuma ya goti, akapima kutoka goti mpaka unyayo, anaandika huku mama yake kamshika kichwa kisiangukie upande. Ndo nikaelewa kiti cha mtu mzima ukimkalisha mtoto mdogo kinampinda mgongo na kumtoa vidonda, kila mtoto anatakiwa kiti cha saizi yake. Nilivyoanza kuwaeleza watu hivyo, kwa maneno tu bila picha ya mtoto, walianza kuuliza wenyewe kiti kimoja bei gani. Picha za watoto mi siweki mpaka mzazi akubali, na hata akikubali naweka ile ambayo mtoto mwenyewe akikua hataona aibu.

Njia ya kuchangisha iliyotufaa ni kuuza kilomita. Kutoka Moshi kupitia Arusha, Namanga, Nairobi, Nakuru, Kericho, Kisumu na Busia mpaka Kampala ni kama kilomita 1,000, ukiweka kilomita moja sh 5,000 una lengo la milioni 5 ambalo kila mtu analielewa bila maelezo marefu. Tunaweka listi kwenye grupu la WhatsApp kama ile ya michango ya harusi, namba, jina, kilomita ngapi, na alama ya tiki akishatuma. Kijiwe cha bodaboda cha mtaani kwetu walichangishana mia tano tano watu kumi wakanunua kilomita moja na walikuwa wanaiulizia kila siku imefikiwa lini, na mjomba wangu wa Dar akanunua kipande chote cha Nakuru mpaka Kericho kwa sababu niliandika ndo chenye mlima. Watu wanapenda kununua pagumu, kwa hiyo usiwafiche pagumu ni wapi.

Ahadi zichukue ila uziandike sehemu yake, usizijumlishe na taslimu. Kila aliyeahidi mkumbushe mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, kwa meseji yake binafsi, usimtaje kwenye grupu, na ukishamkumbusha mara mbili mwache.

Alafu kuna Desemba. Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati hii na watu hawaitumii. Kuanzia tarehe 20 hivi mji unajaa, ndugu wanatoka Dar, Mwanza, Nairobi, wengine Ulaya, wanapanda Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, na Jumapili makanisa yanafurika. Mchungaji au padri umuone Oktoba, usisubiri Desemba ratiba yake imeshajaa, umuombe dakika tano za matangazo na umuombe mnada baada ya ibada. Mkungu wa ndizi, jogoo, trei ya mayai, hivyo vitu sokoni vina bei yake inayojulikana ila kwenye mnada wa kanisani mtu ananunua mkungu anaurudisha unauzwa tena, na tena. Ukipeleka na baiskeli yenyewe ukaiegesha pale mbele na ramani ya safari, watoto wanakuja kuishika na wazazi wanafuata. Wenye msikiti mtaani nao waende kwa imamu mapema hivyo hivyo, tulipata wachangiaji wazuri sana huko.

Ndo maana mi nashauri safari iwe mwanzoni mwa Februari: Desemba umeshachangisha, vuli imeisha, masika ya Machi haijaanza, na Kenya nako miezi hiyo kunakuwa kukavu kwa sehemu kubwa. Ukihesabu kurudi nyuma, mazoezi unaanza katikati ya Septemba, wiki 20.

Wiki nne za kwanza unazoesha makalio na magoti tu. Siku tatu kwa wiki zinatosha kwa mtu mwenye kazi, Jumanne na Alhamisi saa moja saa moja, Jumamosi ndo ndefu. Anza na kilomita 30 njia ya TPC, kiwanda cha sukari hapa Moshi, tambarare, pembeni miwa, huna cha kupambana nacho, unajifunza tu kukaa na kunywa maji huku unaendesha. Kila Jumamosi ongeza kama kilomita 10, ila kila wiki ya nne punguza iwe nusu, hata ukijisikia vizuri namna gani, mwili unajijenga ukiwa umepumzika. Ukifika wiki ya 10 unatakiwa uweze kwenda Boma Ng'ombe, upande mpaka Sanya Juu na kurudi Moshi, ni kama kilomita 90 na kitu, na kile kipande cha kwenda Sanya kinapanda taratibu hata hukioni ila mguu unakisikia.

Milima tunayo mingi mpaka basi. Himo kwenda Marangu unapanda mwanzo mwisho, na hapo ndo unajifunza gia. Kosa la wengi ni kusukuma gia nzito kwa nguvu, magoti yanaanza kuuma wiki ya tatu na mtu anaacha. Weka gia nyepesi miguu izunguke haraka, angalia saa na uhesabu goti moja linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, ikiwa 20 uko vizuri, maana hiyo ni mizunguko 80 kwa dakika, mlimani itashuka na ni sawa. Siti nayo ipime: kaa juu, kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke wote, alafu ukiendesha kwa kukanyagia sehemu ya mbele ya unyayo goti litakunjika kidogo inavyotakiwa. Goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma kwa nyuma iko juu.

Kuanzia wiki ya 11 kilicho muhimu ni siku mbili mfululizo, kuliko siku moja ndefu sana. Jumamosi Moshi–Arusha kilomita 80, unalala kwa ndugu, Jumapili unarudi na mwili umechoka vile vile. Ule uwanda wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, una upepo unaoweza kukuweka kwenye mwendo wa kilomita 12 kwa saa na unakanyaga kweli, usiukimbie, kule mbele kuna siku nzima za namna hiyo. Wiki tatu kati ya hizo beba mizigo yote kwenye keria kama utakavyosafiri, baiskeli yenye kilo 12 za mzigo inakata kona na kushika breki tofauti kabisa. Wiki mbili za mwisho punguza, lala.

Kula kabla njaa haijaja. Kila nusu saa kitu kidogo, ndizi mbivu, kashata, kiazi kitamu cha kuchemsha na chumvi, na maji kama nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, jua la Longido, kabla ya Namanga, litataka zaidi. Maji matupu siku nzima hayatoshi, changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kamulia ndimu. Jioni mtori, ile supu nzito ya ndizi, na nyama, hakuna kitu kinarudisha mwili kama mtori. Na chini vaa kaptula ya baiskeli yenye sponji bila chupi ndani, paka mafuta ya mgando, ifue kila jioni. Wanaopuuza hili wanarudi na majipu siku ya nne.

Baiskeli ya mtumba ya chuma inatosha kabisa ilimradi saizi yake ikae na mwili wako na tairi iwe saizi inayopatikana njiani, 26 utaipata karibu mji wowote. Kabla ya safari fundi abadilishe cheni, nyaya za breki na raba zake, anyooshe ringi, aangalie beringi. Ila pancha ujifunze mwenyewe. Baada ya Oldonyosambu, njia ya Arusha kwenda Namanga, pembeni ya lami kuna miiba ya migunga, na siku ya pili tulipigwa pancha mbili kwa mwiba mmoja, kwa sababu mwenzetu aliweka tyubu mpya bila kukagua tairi. Ukitoa tyubu, chukua kitambaa upitishe ndani ya tairi taratibu duara zima, kitambaa kitanasa, pale ndo penye mwiba, na unaweza kuwa umekatikia ndani huuoni kabisa kwa nje. Utoe kwa koleo, pitisha kitambaa tena, ndo uweke tyubu.

Njia yenyewe gawanya kwa miji: Arusha, Namanga, Kajiado, Nairobi, Naivasha, Nakuru, Kericho, Kisumu, Busia, Jinja, Kampala. Siku 11 za kuendesha, weka mbili za kupumzika, sisi tulipumzika Nairobi na Kisumu. Kipande cha Arusha–Namanga ni kama kilomita 110 na kivuli hakuna, toka saa 12 asubuhi na maji ya ziada. Kutoka Nairobi kushuka Bonde la Ufa, ile barabara ya Mai Mahiu ina malori mengi sana, shika breki kwa kukatisha katisha, mbele na nyuma, ukiing'ang'ania moja mfululizo ringi inapata moto. Nakuru kwenda Kericho ndo pale pa mjomba, unapanda zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na baridi inakushangaza, alafu Kericho kwenye ile milima ya chai mvua ya mchana ni kawaida, kwa hiyo fika mapema. Kila siku uwe umeshafika saa 10 jioni. Usiku usiendeshe, hata kama umebakiza kilomita tano.

Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria fuatilia Desemba, kadi ya chanjo ya homa ya manjano Uganda wanaitaka, na risiti ya baiskeli iweke pamoja nayo. Namanga na Busia mihuri yote miwili unagongewa jengo moja, upande wa nchi unayoingia.

Njiani kila jioni tuma kilomita zilizofikiwa na majina ya walionunua kilomita za siku hiyo, hata kama umechoka vipi. Yule mama wa elfu kumi safari hii alinunua kilomita mbili za Busia, na jina lake lilivyotoka alipiga simu tukiwa tunakula wali maharage.

Kurudi ni basi. Kontakta atataka utoe gurudumu la mbele na pedeli, na pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, kwa kuzungusha spana jinsi mshale wa saa unavyokwenda, wengi wanaiharibu nyuzi wakilazimisha. Ukiwa humo ndani ya basi una saa nyingi za kukaa, andika taarifa: kilichoingia kwa kituo, kilichobaki kwenye ahadi, viti vingapi vimeagizwa, na taarifa ya akaunti kutoka kituo yenye namba za watu zilizofichwa. Itume kwenye grupu kabla hujafika Arusha, na tarehe ya kukabidhi viti uiweke Jumapili ili wale wa kijiwe na wa kanisani waweze kuja.