Namna ya Kufaidi Filamu ya Muuaji wa Kisu Iliyotengenezwa kwa Fedha Kiduchu

Kabla ya kuwasha runinga, kubali kwamba filamu unayokwenda kuitazama ni mbovu. Ninazungumzia zile slasha za zamani, ambamo vijana saba wanakwenda kulala katika nyumba iliyo mbali na mji, mtu mwenye barakoa anaanza kuwamaliza mmoja mmoja kwa kisu, na hadi dakika kumi za mwisho hakuna anayejua ni nani kati yao. Zile maarufu zina wachambuzi wake. Mwongozo huu unahusu zile zisizojulikana, unazozikuta zimechanganywa na nyingine ishirini ndani ya flashi.

Usiitazame peke yako, kwa sababu ukiwa peke yako utailala. Watu watano au sita wanatosha, na wachague wale wanaoongea. Mimi hukusanya wenzangu Kirumba Jumamosi usiku, watoto wakishalala, kwa sinia la dagaa waliokaangwa wakakauka, pamoja na ndimu na pilipili, na utaratibu wetu ni ule wa kibanda umiza: anayetaka kumwonya marehemu mtarajiwa asiingie stoo, amwonye kwa sauti. Ile kanuni ya vibandani kwamba steringi hafi iache mlangoni, maana katika filamu hizi unayemdhania steringi huenda akachinjwa mapema.

Wahusika wote wakishajitokeza, simamisha filamu. Kila mmoja aandike jina la anayemshuku kwenye kikaratasi, akikunje na kukitumbukiza ndani ya sufuria yenye mfuniko. Kubadili mawazo kunaruhusiwa mara moja tu, na anayebadili anapoteza fungu lake la dagaa. Umeme ukikatika usihuzunike, kwa kuwa gizani ndipo kila mtu hupata nafasi ya kumtetea mshukiwa wake, na utetezi huo mara nyingi huzidi filamu yenyewe kwa utamu.

Sasa usiufuatilie ushahidi wa polisi wa ndani ya filamu, kwani yule inspekta ameandikiwa kukosea. Fuatilia fedha. Mwigizaji mzoefu aliyeonekana kwa dakika tano kisha akatoweka hakuletwa kuja kufungua geti. Kuna siku nyingine alilipwa, na siku hiyo bado hatujaiona. Vivyo hivyo, maiti ambayo hatukuonyeshwa bado haijafa. Umbo na mikono ya muuaji visikudanganye, maana aliye nyuma ya barakoa anaweza kuwa mtu yeyote aliyekuwa karibu na kamera siku ile. Dario Argento, mwongozaji wa Italia, alikuwa na mazoea ya kutumia mikono yake mwenyewe kuigiza mikono ya muuaji. Huko Italia filamu za aina hii huitwa giallo, yaani manjano, kutokana na majalada ya riwaya za upelelezi zilizoanza kutolewa na Mondadori mwaka 1929, na ndiyo maana fumbo na kisu vimeoana tangu zamani.

Jifunze pia kutofautisha umaskini na uvivu. Filamu ya Halloween ya mwaka 1978 ilitengenezwa kwa takriban dola 300,000. Barakoa yake ilikuwa sura ya Kapteni Kirk, nahodha wa chombo cha anga katika tamthilia ya Star Trek, iliyonunuliwa dukani na kupakwa rangi nyeupe, na kwa kuwa walipiga picha California majira ya kuchipua, ilhali hadithi ni ya majira ya majani kupukutika, majani makavu ya kupaka rangi yalimwagwa barabarani, yakaokotwa, yakamwagwa tena. Huo ni umaskini wenye akili. Damu yenye rangi ya juisi ya rozela ninaisamehe, na kisu kinachopinda ninakishangilia. Nisichosamehe ni mandhari ya giza totoro ambamo hata mwenye macho ya paka haoni kinachotokea.

Mkono wa muuaji unapopanda kuivua barakoa, simamisha tena na ufungue sufuria hapo hapo, usisubiri hotuba yake, ambayo huwa ndefu na huanzia utotoni. Mara ya mwisho vikaratasi vitano vilimtaja daktari. Cha sita kilikuwa cha mama mdogo, aliyekuja kurudisha sinia akabaki.

“Mama mdogo, huyu mleta chai umemjuaje?”

“Mwanangu, watu wanakufa, kila mtu analaumiwa, yeye anauliza sukari vijiko vingapi?”

Baada ya hapo rudisha filamu nyuma hadi mauaji ya kwanza, uone muuaji alikuwa wapi. Sisi tulimkuta ameketi mezani na wenzake, kikombe mkononi, dakika ile ile kisu kilipokuwa kikifanya kazi ghorofani. Ubishi ulituchukua hadi saa saba usiku, na mama mdogo alikwisha kuondoka na dagaa wote.