Kijiji kinapungua watu? Anza na mapaa

Nimekuwa mwenyekiti wa kitongoji vipindi viwili huku Pangani. Ukiuliza kwa nini watu wanahama, kila mtu ana jibu mdomoni: "Vijana hawataki jembe." Jibu hilo liweke kando kwanza, hesabu nyumba zilizoachwa.

Chagua wakati. Mimi mara ya kwanza nilihesabu mahindi yakiwa yanakomaa, nikakuta nyumba 14 zimefungwa, nikaenda kulia kwa mtendaji. Kumbe wenyewe wamelala madunguni, vibanda vya kulindia shamba, wanafukuza nguruwe na nyani, na wavuvi wamekwenda dago, kambi za muda za uvuvi. Baada ya wiki chache moshi ukarudi majikoni, na mtendaji akapata la kunichekea hadi nimeng'atuka. Hesabu mavuno yakishaingia ndani.

Ukipita, tazama juu. Kufuli mlangoni si kitu, huenda mtu yuko Tanga mjini anauguza. Ila aliyeezua mabati akaacha kuta za udongo zinyeshewe, huyo hana nia ya kurudi. Nyumba ya makuti hudanganya, kwa hiyo kagua kama yamebadilishwa karibuni. Kisha muulize jirani mabati yalikwenda wapi. Yakiuzwa, kulikuwa na shida ya ghafla: ugonjwa, deni, mirathi. Yakipakiwa kwenye fuso, familia imekwenda kujenga kwingine.

Ukiwapata waliohama, usiwaulize "kwa nini mlihama?" Watakujibu "maisha", nawe utaandika nini? Uliza nani alitangulia. Kwetu alitangulia mama na mtoto aliyefaulu kwenda sekondari. Wakapanga chumba karibu na shule. Baba akabaki na shamba mwaka mmoja, anapika mwenyewe ugali mbichi, halafu naye akafunga mzigo.

Kama kitongoji chenu kilikuwa kambi ya mkonge, geuza swali: watu walijaa kwa sababu gani? Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukapandwa hapa hapa Kikogwe, na manamba, vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka mbali kuukata. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zaidi ya 200,000. Kamba za nailoni zikaangusha bei, mashamba yakafifia, kazi ikaisha. Hapo usimtafute mchawi.

Pitia pia kwa mwalimu mkuu, linganisha walioandikishwa darasa la kwanza mwaka huu na wa miaka 10 nyuma.

Halafu usiende mkutanoni kutangaza kwamba watu wanakwisha. Sensa ya 2012 ilikuta Mkoa wa Tanga una watu milioni 2.05, ya 2022 ikakuta milioni 2.6. Watu wapo, ila si kwako.

Daftari lako liwe na safu 4: kaya, mwezi wa kuondoka, aliyetangulia na sababu yake, paa liko wapi. Langu ninalo bado. Kwenye sababu, "shule" imeandikwa mara 9. "Jembe" mara 2, na mmoja wa hao wawili alikuwa fundi cherehani.