Kugawa shamba kuwa viwanja Bagamoyo: jinsi ya kuomba idhini ya mchoro wenye barabara na mitaro

Wengi wanaokata mashamba ya minazi na mikorosho kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga hadi Kiromo huanza na swali moja: vitatoka viwanja vingapi? Nasi tulianza hivyohivyo. Ekari nne za urithi, ndugu sita, kila mmoja kashika simu anapiga hesabu. Mchoro wetu wa kwanza ulirudishwa. Kona ya chini ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu, pembeni yake maneno matatu: "Maji yanaishia wapi?"

Kwa hiyo kabla hujakanyaga ofisi yoyote, nenda shambani mvua ikiwa inanyesha. Masika ndiyo yenyewe, Machi hadi Mei, ila hata vuli inatosha. Ardhi ya huku inadanganya macho. Juu mchanga, na sehemu nyingine ukichimba kidogo unakuta mfinyanzi. Mvua ya kwanza inanywewa yote, ya tatu inasimama kama bwawa. Halafu pima kwa njia ya mafundi: mpira wa maji mwembamba unaoonyesha ndani, urefu mita 20 hivi. Ujaze maji, toa mapovu yote, mmoja ashike ncha huku na mwingine kule. Maji yakitulia, pande zote mbili yako usawa mmoja. Pima kutoka usawa huo hadi chini. Penye kipimo kikubwa ndipo ardhi ilipo chini. Hamishia mpira mbele, rudia. Sisi tulipata sentimita 35 tu kwa mita 100. Ni kidogo. Mtaro unataka walau sentimita 50 kwa umbali huo, la sivyo mchanga unatuama na mwaka wa pili unaotesha nyasi.

Umiliki usikuchukulie siku nyingi kama karatasi ziko sawa. Uliza kwanza kama shamba liko ndani ya eneo lililotangazwa kwa mipango miji au bado ni ardhi ya kijiji. Kama ni ya kijiji, safari inaanzia kwa mtendaji na Halmashauri ya Kijiji. Mali ya urithi inataka hati ya usimamizi wa mirathi na muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za wote, hata yule aliye Mwanza.

Mchoro hauchorwi na fundi wa mtaani. Tafuta afisa mipango miji aliyesajiliwa na bodi yao, umpe vipimo vyako vya mpira na umwambie achore njia ya maji kwanza, viwanja baadaye. Mchoro uonyeshe upana wa hifadhi ya barabara pamoja na mtaro, maana hifadhi si njia ya gari peke yake. Uonyeshe pia mishale ya mwelekeo wa maji, mahali pa kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya njia), na mwisho wa maji yenyewe.

Hapa nina neno kuhusu mawe ya kingo za barabara, kwa sababu madalali wanayapenda. Viwanja vinapendeza pichani. Barabara ya changarawe ukiipanga mawe pande zote bila matundu, umejenga karai. Iachie mgongo katikati, kama asilimia 4: njia ya mita 6 inakuwa juu katikati kwa sentimita 12 kuliko pembeni, maji yanashuka yenyewe mtaroni. Kingo za sentimita 15 zinafaa palipo na lami au matofali ya barabarani, na hata hapo ziwe na milango ya kupitisha maji na zishuke kwenye kila geti.

Ukikamilisha, andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, ipitie idara ya ardhi. Ambatanisha mchoro, nyaraka za umiliki na nakala ya kitambulisho. Nakala nyingine ipeleke TARURA wilayani, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Tangu 2017 wao ndio wenye barabara za mitaa na za vijijini. Shamba likipakana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Bagamoyo, barabara hiyo ina mwenyewe mwingine, TANROADS, wakala wa barabara kuu: hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na mtaro wao haumwagiwi maji bila ridhaa yao. Malipo yoyote yawe kwa namba ya malipo ya serikali. Fedha ya mkononi haina risiti.

Ukiwa karibu na bahari, Mto Ruvu au Mto Mpiji, kumbuka mita 60 kutoka ukingo wa maji ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kuweka shughuli za kudumu. Usizihesabu kama viwanja.

Kazi kubwa ni ule mwisho wa maji. Kama bonde la asili linapita kwa jirani, nenda kwake na mtendaji, mkubaliane kwa maandishi. Jirani yetu, bibi wa makamo mwenye mihogo, alikataa, na alikuwa na haki. Ikabidi kiwanja kimoja kizima kigeuzwe njia ya maji. Ndugu yetu wa tano alinuna wiki mbili. Mchoro ulipita.

Baada ya idhini ndipo mpima aliyesajiliwa anaingia na bikoni, yaani alama za mipaka, kisha ramani ya upimaji inapelekwa kuidhinishwa. Chimba mitaro kabla ya kuuza hata kiwanja kimoja. Na katika mkataba wa mauziano weka sharti: mnunuzi akitaka kuvuka mtaro kuingia kwake, aweke bomba la kalavati la sentimita 60, si la 30, kwa kuwa hilo dogo koleo haliingii kulisafisha.