Kimebadilika umbo tu au kimekuwa kitu kingine? Majaribio ya kufanya nyumbani na darasani

Mwulize mwanafunzi wa shule ya msingi tofauti ya badiliko la kiumbo na badiliko la kikemia. Wengi watakujibu bila kusita: la kiumbo linarudishika, la kikemia halirudi. Jibu hilo hupewa maksi, lakini limesimama kwa mguu mmoja. Mahindi yakishasagwa hayarudi kuwa punje, na bado unga ni mahindi yale yale. Kwa upande wa pili, hapa chini utaiona rangi ya choya (rosela) ikigeuka na kurudi, na safari zote mbili ni za kikemia.

Mimi hufundisha kwa swali moja: kilichopo sasa ni kitu kile kile, au ni kingine? Macho peke yake hayatoshi kulijibu. Chagua sifa moja ya kitu cha mwanzo, kisha ujaribu kama kitu cha mwisho bado kinayo.

Tafuta chumvi, sukari, magadi, ndimu, choya kavu, mshumaa, kiberiti, stilwaya ya kusugulia masufuria, kijiko kikuukuu cha chuma, bilauri kadhaa za kioo, na sumaku. Spika ya redio mbovu ina sumaku nzuri kabisa.

Hatua ya 1: Andika sifa kabla ya kuwasha kiberiti

Chora safu mbili. Ya kwanza ni ya sifa za kiumbo, yaani zile unazoweza kuzijua na kitu kikabaki kilivyo: rangi, harufu, ugumu, densiti, kuvutwa na sumaku, kiwango cha kuchemka. Ya pili ni ya sifa za kikemia, ambazo huzioni mpaka kitu kigeuke: kuwaka, kushika kutu, kutoa gesi kinapokutana na asidi. Petroli kunuka ni sifa ya kiumbo. Petroli kuwaka ni ya kikemia.

Angalizo kuhusu kiwango cha kuchemka: maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, huchemka karibu nyuzi 95. Ni maji yale yale, kilichopungua ni kanieneo ya hewa.

Hatua ya 2: Chumvi na sukari

Koroga kijiko cha chumvi katika maji mpaka isionekane. Mimina kwenye sahani pana, uiache juani. Maji yakishakwenda, chumvi imebaki sahanini, na ukiionja ni ile ile. Hivyo ndivyo chumvi ya bahari inavyopatikana Bagamoyo na Gongoni: maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, huachwa kwenye mabwawa mapana na jua likafanya kazi.

Sasa weka sukari kidogo kwenye kijiko kikuukuu, ushike mpini kwa kitambaa, upitishe juu ya moto. Kwanza itakuwa rojorojo, halafu kahawia yenye harufu tamu, halafu moshi, mwisho kitu cheusi. Kiache kipoe, kikwangue, ukitie majini. Hakiyeyuki. Sukari ya mwanzo iliyeyuka, huu ni mkaa, basi kitu kimekuwa kingine.

Hatua ya 3: Mapovu, dalili inayodanganya kuliko zote

Orodha za kukariri husema gesi ikitoka, badiliko ni la kikemia. Weka mbele ya wanafunzi vitu vitatu: maji yanayochemka, chupa ya soda inayofunguliwa, na maji ya magadi yanayokamuliwa ndimu. Vyote vinatoa mapovu.

Mapovu ya maji yanayochemka ni mvuke, yaani maji. Gesi ya soda ilisukumwa ndani kiwandani kwa kanieneo kubwa. Ukifungua kifuniko inapata njia ya kutoka. Ni ya magadi tu iliyozaliwa pale pale, kwa asidi ya ndimu kukutana na kabonati iliyomo kwenye magadi. Kabla ya hapo, hapakuwa na gesi hiyo ndani ya ndimu wala ndani ya magadi. Kwa hiyo, ukiona mapovu, uliza gesi hiyo ilikuwa wapi dakika moja iliyopita.

Hatua ya 4: Rangi ya choya

Chemsha choya, chuja, acha ipoe, gawa kwenye bilauri tatu. Ya kwanza iache. Ya pili iongezee maji mengi: wekundu utafifia, lakini rangi ni ile ile, imetawanyika tu. Ya tatu itie maji ya magadi, kidogo kidogo. Itaacha wekundu na kuelekea zambarau, buluu au kijani cha giza, kutegemea ukali wa magadi. Kisha kamulia ndimu humo humo. Wekundu unarudi.

Molekuli za rangi ya choya hubadilika muundo penye asidi na penye alkali, ndiyo maana rangi hubadilika. Ni kikemia kwenda na kikemia kurudi. Usiiache kwenye magadi kwa muda mrefu, rangi huharibika na ndimu haitairudisha vizuri.

Hatua ya 5: Mshumaa, mambo mawili kwa pamoja

Nta inayochuruzika pembeni ni badiliko la kiumbo. Ikusanye ikishaganda, itie uzi, itawaka kama ya mwanzo. Lakini penye mwali mambo ni mengine. Shika bilauri baridi na kavu juu ya mwali, mdomo ukitazama chini, kwa sekunde chache. Ndani utaona ukungu. Ni maji, na ndani ya nta hapakuwa na maji. Yametokana na haidrojeni ya nta kuungana na oksijeni ya hewa.

Hatua ya 6: Kutu

Loweka stilwaya kwenye siki dakika chache ili kuondoa mafuta ya kiwandani, isuuze, ishindilie chini ya bilauri, kisha ipindue bilauri ndani ya sahani yenye maji. Baada ya siku kadhaa kutu itatanda, na maji yatakuwa yamepanda ndani ya bilauri, hadi karibu sehemu moja ya tano ya nafasi ya hewa. Hiyo ni oksijeni iliyochukuliwa na chuma. Wengi hudhani kutu ni chuma kilichooza na kupungua, kumbe ni chuma kilichoongezewa kitu.

Kwangua unga mwekundu, ukauke, usogezee sumaku. Itauvuta kidogo mno au isiuvute kabisa. Ukirukia sumaku kwa nguvu, umekwangua na chuma chenyewe.

Hatua ya 7: Kesi ngumu

Yai la kuchemsha liweke upande wa kikemia, protini zake zimekunjuka na kushikana upya. Ila wapo wakemia watakaobishana nawe, na wana hoja. Hata chumvi ikiyeyuka majini, chembe zake zinaachana, na mpaka wa shuleni unaanza kutetereka. Kwa mtihani, chumvi ni ya kiumbo. Usiwaumize watoto kichwa zaidi ya hapo.

Ninayoipenda ni chokaa ya pwani. Mawe ya matumbawe ni kalisi kabonati. Yakichomwa kwenye tanuu kwa joto la karibu nyuzi 900, hutoa kaboni dayoksaidi, na kila kilo 100 za kabonati safi hubakiza kilo 56. Yakimwagiwa maji hutoa joto kali, hata maji yanaweza kuchemka. (Hili tazama kwa mbali kwa fundi, usilifanye darasani. Chokaa hiyo hupofusha.) Ikishapigwa ukutani, hunyonya taratibu kaboni dayoksaidi ya hewa na kurudi kuwa kalisi kabonati. Mabadiliko matatu ya kikemia, na mwisho wake ni kitu kile kile kilichoingia tanuuni.

Kwa zoezi la nyumbani, wape wanafunzi maswali haya mawili. La kwanza: rangi ya kucha na hina, ipi inakauka tu, na ipi inaungana na protini ya ngozi? La pili: kama saruji inakauka kama udongo, kwa nini fundi anaimwagilia zege maji kwa siku kadhaa baada ya kulimwaga? Atakayesema kwamba saruji haikauki bali inaungana na maji, mwulize pia kwa nini zege huganda hata likiwa chini ya bahari.