Somo: Kushusha bili ya umeme wa biashara kwa betri (wateja wa T2 na T3)

Wakuu, somo hili ni la wenye hoteli, bekari, karakana na viwanda vya barafu ambao bili yao ya mwezi ina mstari wa kVA, yaani kipimo cha ukubwa wa mzigo unaouvuta kwa wakati mmoja. T1, T2 na T3 ni madaraja ya bei za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania. Wa T1 mnaonunua LUKU, teremkeni hadi swali la kwanza.

Hatua ya 1: Isome bili

Kwa bei za TANESCO zilizoanza Aprili 2016, mteja wa T2 hulipa shilingi 195 kwa uniti, kisha shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele chake cha mwezi. T3 ya msongo wa kati ni 157 kwa uniti na 13,200 kwa kVA. Linganisha na bili yako ya karibuni kabla ya kupiga hesabu yoyote.

Uniti ni bei ileile usiku na mchana. Kwa hiyo kununua umeme usiku, kuuhifadhi na kuutumia mchana hakukuokolei hata senti. Muuzaji akikuimbia wimbo huo, mwulize anazungumzia bei za umeme za nchi gani. Kinachopungua kwa betri ni kVA.

Kilele chenyewe si ule mshtuko wa sekunde mota inapowaka. Mita huchukua wastani wa kipindi, kwa kawaida dakika 15 au 30, na kipindi kizito kuliko vyote ndicho unacholipia. Uzembe wa nusu saa tarehe 3 unalipiwa mwezi mzima. Soma pia masharti ya bei yako uone kama kilele cha miezi iliyopita kinaingia kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Pima umbo la mzigo

Funga kifaa cha kurekodi kwenye swichi kuu, kikae angalau wiki mbili, wikiendi zikiwemo. Unatafuta mzigo wenye kichwa chembamba. Hoteli huwa nacho: jioni viyoyozi, hita za maji, jiko na mashine za kufulia vyote vinawaka pamoja, baadaye kunatulia. Kinu cha sembe kinachovuma asubuhi hadi jioni hakina kichwa cha kukata. Mwenye kinu, hela yako ipeleke kwingine.

Hatua ya 3: Maliza mambo ya bei rahisi

Hapa ndipo wengi huruka, na wauza betri hawawakumbushi. Mzigo wa kW 120 wenye pawa fakta (sehemu ya umeme unaouvuta inayofanya kazi kweli) ya 0.8 unasomeka kVA 150. Ipandishe hadi 0.96 kwa kabati la kapasita, utasomeka kVA 125. Zile 25 mara 15,004 ni shilingi 375,100 kila mwezi, na kabati hilo halikaribii bei ya betri.

Halafu panga ratiba. Kufua kukihamia saa nne asubuhi, umekata kilele bila kununua kitu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kazi ya betri.

Hatua ya 4: Ukubwa na hesabu

Tuseme hoteli yetu sasa iko kVA 125 kwa saa moja hivi jioni, na muda mwingine haivuki 85. Kukata 40 kunataka inveta ya kW 40 na betri ya kutoa kWh 40, yaani uniti 40. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti ukiitumia kwa asilimia 80, nunua kWh 50. Kilele kikidumu saa mbili utahitaji kWh 100 kwa akiba ileile; ndiyo sababu nimesisitiza umbo.

Akiba: 40 × 15,004 = shilingi 600,160 kwa mwezi. Betri nayo hula. Ukiingiza uniti 10 hutoa 8.5 hadi 9, yaani toa kama shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitano unabaki na milioni 34 na kidogo. Proforma (ankara ya makadirio) ya mfumo mzima, inveta na ufungaji ndani yake, ikizidi hapo, kilele peke yake hakirudishi hela kwa muda huo.

Sasa ongeza dizeli ambayo betri itakuokolea umeme ukikatika. Lita moja kwenye jenereta iliyobeba mzigo mzuri hutoa kama uniti 3. Gawa bei ya lita kwa tatu uone uniti yako ya jenereta ni mara ngapi ya 195. Kwenye umeme wa kukatikakatika, hapa ndipo hesabu hukubali.

Hatua ya 5: Mipangilio

CT (vihisi vinavyoipimia betri mzigo) zikae kwenye laini kuu inayoingia, si kwenye tawi. Anza na kikomo cha kVA 90, kisha shusha taratibu. Kuchaji kuwe usiku wa manane na polepole.

Mtego mkubwa ni umeme unaporudi baada ya kukatika: viyoyozi vyote vinawaka, na betri tupu inavuta kwa nguvu zake zote. Kilele kipya hicho, na akiba ya mwezi imekwenda. Wekea kikomo kasi ya kuchaji, na betri isubiri mzigo utulie.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Chumba kiwe na hewa, mbali na pipa la dizeli. Joto la Dar huzeesha betri upesi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nina bucha, natumia LUKU. Nifunge betri?*
Kupunguza bili, hapana. Kwa bei hizo za 2016, T1 ni 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1% inafika kama 356, wala hulipii kVA. Betri itakuongezea upotevu tu. Ukiwa na sola inayozalisha ziada mchana, hapo tunaongea.

*Fundi, niko Mombasa. Hesabu ni hizihizi?*
Hapana, ndugu. Kenya ilileta bei ya saa za usiku kwa biashara na viwanda Desemba 2017: siku za kazi, saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, bei ya nishati hushuka kwa nusu. Betri yako ina kazi mbili, kukata kVA na kuhamisha uniti. Ila punguzo ni la bei ya nishati. Usilipige kwenye bili nzima.

*Betri za asidi si nafuu zaidi?*
Dukani, ndiyo. Ukizishusha sana kila siku hazikai, na somo hili linataka kila siku.

*Kaka, betri ikishakata kilele jioni, umeme ukizimika saa tatu usiku inakuwaje?*
Unabaki na ulichokitenga. Ukitenga asilimia 30, basi kWh 50 hazitoshi tena kukata 40. Rudi hatua ya 4 upige upya. Jenereta usiiuze.